Ulezi Ndani ya Pipa Jekundu

Ambilikile alifungua pipa dogo jekundu akakuta halina kitu ndani isipokuwa ulezi.

Akausukuma mlango wa stoo wazi zaidi apate mwanga, akainama juu ya ukingo wa pipa na kuchungulia vizuri. Dawa aliyoiacha jana jioni imejaa karibu hadi mdomoni ilikuwa imeisha. Chini kabisa yalibaki masalia ya rangi ya kahawia, mazito, na juu yake punje za ulezi mwekundu, safi, uliopepetwa ukapepeteka. Kiasi cha viganja viwili hivi. Pipa la bluu lilikuwa pembeni yake, halijaguswa. Kufuli la mlango alikuwa amelifungua mwenyewe muda huohuo kwa ufunguo wake, na halikuwa na mkwaruzo.

"Mungu wangu," alisema. "Bibi atarudi kulala wapi?"

Swali hilo nalipenda mpaka leo, kwa sababu mtu aliyeiba dawa yake mwenyewe hawezi kuanza nalo. Lakini asubuhi ile, pale mtaani Malangali, hakuna aliyekuwa na muda wa kupima maneno. Kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba, ile ya Sumbawanga isiyo na adabu, inayoteremka kutoka milima ya Mbizi na kuingia ndani ya nyumba ya mtu bila hodi. Watu walikuja wamejitanda mablanketi, wakachungulia pipa mmoja mmoja, wakamgeukia mgeni.

Mgeni alikuwa Ambilikile, Mnyakyusa wa Tukuyu, fundi wa vyumba vya ubaridi. Alikuwa ametoka Kirando kumalizia chumba cha kuhifadhia samaki, akiwa na dawa ya povu iliyobaki, na watoto wa Bibi Kalista wakamkamata njiani. Nikisema watoto wa Bibi Kalista msidhani ni wa tumbo lake. Bibi Kalista hakuzaa. Alikuwa mkunga kwa miaka yote ya utu uzima wake, na nusu ya mji huu ilipokelewa na mikono yake, pamoja na padre, mwenye duka la mbolea, na askari nitakayemtaja hivi punde. Wiki chache nyuma alilazwa kwa nimonia. Daktari akasema wazi: mapafu yamepona, lakini nikimrudisha kwenye ile nyumba yenye baridi nitampokea tena akiwa maiti. Aruhusiwe Jumamosi, kama kutakuwa na chumba chenye joto.

Nyumba yenyewe ilijengwa zamani na fundi wa misheni, kwa kuta mbili za tofali za kuchoma zilizoachana uwazi wa kiganja katikati. Upepo ulikuwa ukitembea humo kama kwake. Ndipo watoto wake wakakubaliana: Ambilikile atoboe matundu madogo ukutani, apulize povu ndani, liumuke, lijaze ule uwazi, kisha azibe matundu kwa saruji. Kinachozuia joto lisiwafikie samaki wa Kirando kitazuia baridi isimfikie Bibi. Matundu yalikuwa tayari yametobolewa. Kazi ya kupuliza ilikuwa ianze asubuhi hiyo, Alhamisi.

* * *

Sajini Dominika alifika saa mbili, akiwa amevaa koti juu ya sare. Mama huyu ni mpole wa sauti, mkali wa macho. Alikuwa azaliwe akitanguliza miguu, na mama yake hakuacha kumsimulia jinsi Bibi Kalista alivyomgeuza tumboni kwa mikono mitupu huku akiimba. Kwa hiyo hakuja kama askari tu. Alikuja kama mtoto aliyeibiwa mama.

"Funguo ziko ngapi?" aliuliza.

"Tatu," alijibu Vitus, mpwa wa Bibi, kijana wa mjini mwenye viatu vyeupe hata siku ya tope. "Mmoja anao fundi. Mmoja ninao mimi. Mwingine upo kwa Mzee Eustace, jirani, kwa sababu ndiye anayelisha kuku wa shangazi, na chakula chao kiko stoo."

Dominika alimgeukia Mzee Eustace, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alikuwa amesimama kando, mikono ndani ya mifuko ya koti refu, uso umemsawijika. Alikohoa. "Ufunguo wangu unaning'inia kwenye msumari barazani. Mtu yeyote angeweza kuuchukua."

Hakuna aliyemtilia shaka. Katika wote, ndiye aliyechinja kondoo siku ya kuanza kazi ili fundi na majirani wapate kula, na ndiye aliyemsindikiza Bibi hospitali, akimshika mkono njia nzima. Isitoshe, ilikuwa kwa ajili ya nyumba ya mzee huyu kwamba Bibi aliugua. Faith, binti yake, alishikwa na uchungu kabla ya wakati, na Bibi Kalista alivuka ua kwa miguu kwenye upepo na manyunyu, akampokea mtoto mdogo kama sungura, akabaki naye hadi asubuhi. Siku iliyofuata akaanza kukohoa.

"Mimi niliwaambia!" Leonsi, jirani wa upande wa pili, alipaza sauti. "Niliwaambia hayo madudu ya ukutani hayafai! Sasa tazameni, ulezi ndani ya pipa. Huo ni uchawi."

"Nilikuwa najiuliza ni nani atakayelitaja hilo kwanza," alisema Dominika. "Mwenzetu akitoka Dar akisikia Sumbawanga anaanza na uchawi. Wewe umezaliwa hapa, mzee wangu, na bado unawasaidia kazi. Hebu nione mikono yako."

Leonsi akaitoa kwa hasira. Ilikuwa myeusi hadi kwenye vifundo.

Watu wakaguna. Vitus akasema, "Unaona?"

"Oili chafu!" Leonsi alifoka. "Napaka nguzo za uzio wangu, mchwa wasile. Nendeni mkazitazame!"

Dominika alichovya kitambaa kwenye kibatari cha mafuta ya taa kilichokuwa dirishani, akamsugua kiganja. Weusi ukatoka. Nguzo nazo zilikuwepo, bado mbichi. Akamrudishia mkono wake kwa adabu, lakini Leonsi hakutaka kufarijika.

"Na wewe Vitus," aliendelea, "nasikia kuna mfanyabiashara aliyekuja kuiulizia nyumba hii."

Kijana alirudi hatua moja. "Alikuja. Nilimwambia shangazi angepata raha akihamia kwangu Mbeya, nyumba akaipangisha. Alinifukuza na mwiko. Lakini afande, mtu akitaka kuharibu kazi si angemwaga mapipa yote mawili? Na huo ulezi mimi ningeutoa wapi? Nanunua unga dukani."

Jibu lilikuwa na akili, na Dominika aliliweka moyoni. Wengine hawakuweka. Walikwisha kuamua. Fundi ana ufunguo, fundi anajua thamani ya dawa, fundi si wa hapa. Mmoja akasema ameiuza kwa wenye mabasi wanaotengeneza viti. Mwingine akaokota jiwe. Dominika alimwingiza Ambilikile kwenye gari, zaidi kwa ajili ya kuiokoa shingo yake kuliko kumshitaki.

* * *

Kituoni, fundi alikaa kwenye benchi na kofia yake ya sufu ya kijani mapajani. Aliigeuzageuza. Mama yake ndiye aliyemfumia.

"Nieleze dawa yenyewe," alisema Dominika. "Taratibu, kama unamweleza mtoto."

"Ni mbili, afande. Ya pipa la bluu na ya pipa jekundu. Zikikutana kwenye bunduki ya kupulizia zinapata moto, zinaumuka kama andazi, halafu zinakauka. Moja bila mwenzake haina kazi. Ndiyo maana sielewi. Fundi hawezi kuiba jekundu peke yake. Ni sawa na kuiba kiatu kimoja."

"Kwa hiyo aliyeiba hajui."

"Hajui kabisa. Na hilo ndilo linaloninyima raha." Ambilikile aliinua uso. "Afande, mimi unaweza kuniweka ndani hata mpaka Jumatatu. Lakini mtafute huyo mtu leo. Ya jekundu ikiwa mbichi, ikapakwa mahali watu wanalala, mvuke wake unakamata kifua. Mtu mzima atakohoa tu. Mtoto au mgonjwa ni hatari. Sisi tunavaa barakoa, na nyumba ya Bibi tungeiacha wazi mpaka povu likauke kabisa."

Dominika aliacha kuandika. Mtu aliyefungiwa alikuwa akimwombea usalama aliyemfungisha. Alitamani kumwambia asante, lakini kazi ilikuwa haijamruhusu.

"Nitamtambuaje?"

"Mikono. Ikikugusa haitoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Inakuacha na mabaka ya kahawia mpaka ngozi yenyewe ibadilike."

"Kuna mtu uliyemwonyesha jinsi inavyofanya kazi?"

"Niliwaonyesha wote, siku ile ya kondoo. Nilichanganya kidogo kwenye kikombe, povu likaumuka, wakapitisha mkononi. Kila mtu alishangaa lilivyo na joto. Mzee mmoja alilishika muda mrefu, nikamwambia baba lishushe, litakuganda." Alitabasamu kidogo. "Sikumjua jina. Walikuwa wazee wengi."

* * *

Mchana, Dominika alikwenda hospitali. Hakutaka Bibi asikie habari kutoka kwa mdomo usiofaa.

Bibi Kalista alikuwa ameketi kitandani, mdogo ndani ya sweta kubwa. Alisikiliza habari ya pipa hadi mwisho, hakulia, hakulaani.

"Huyo Mnyakyusa amekula?" aliuliza.

"Amekula, bibi."

"Vizuri. Na mtoto wa Faith? Nimemwota. Nilimwambia Eustace, huyu mtoto adui yake ni baridi, si kitu kingine. Mfanyie joto kwa njia yoyote. Ile nyumba ya Faith ya uani ni ya bati tupu na tofali mbichi, unaijua?"

"Naijua."

"Basi pita umtazame kwa niaba yangu." Akanyoosha mkono kwenye kabati la kando ya kitanda, akachukua chupa ya chai. "Na hii ni ya yule mama wa kitanda cha pili, alinipa uji asubuhi. Mrudishie. Ngoja, usiipeleke hivyohivyo tupu, umelelewa wapi? Weka hayo machungwa mawili juu ya kisahani, umpe pamoja."

Dominika alisimama na chupa mkononi. Mama yake alikuwa akifanya vilevile. Ukikopa ungo kwa jirani huku kwetu Ufipa, unaurudisha na kitu ndani, hata kama ni maharage kidogo. Ukichukua kwenye chungu cha mtu naye hayupo, unaacha chochote ulichonacho, apate kujua kwamba hukuja kumwibia. Watu wazima hawalifikirii jambo hili. Mkono unalifanya wenyewe.

Ule ulezi haukuwa uchawi wala dhihaka. Mtu alikuwa amekopa.

"Bibi," alisema, "ahsante."

"Ya nini tena?"

"Nitakuambia Jumamosi."

* * *

Alirudi Malangali kabla jua halijapoa, akiwa na Ambilikile garini. Hakwenda moja kwa moja kwa mtu. Alikuwa na hakika moyoni, lakini asubuhi ile tayari mtu mmoja alishahukumiwa kwa hakika za mioyo ya watu. Alitaka kuona kwa macho. Akawaita wote uani kwa Bibi: Vitus, Leonsi, Mzee Eustace, na majirani waliokuwa na mawe.

"Natoka hospitali," alisema. "Bibi Kalista anawasalimu sana."

Salamu ya mkubwa Ufipa haipokelewi kwa kutikisa kichwa. Uwanja mzima uliinama kidogo na kupiga makofi, taratibu, viganja vimekunjika, ule mlio mzito wa heshima. Leonsi alipiga kwa mikono iliyobaki na oili kwenye kucha. Vitus, pamoja na umjini wake, alipiga. Hata Ambilikile, ndani ya gari, alipiga.

Mzee Eustace aliinama hadi kiunoni. Mikono yake ilibaki mifukoni.

Makofi yakafifia. Mmoja baada ya mwingine watu wakamwangalia. Huyu ndiye mzee anayewakaripia vijana kanisani kwa kusalimia mikono ikiwa mifukoni.

Dominika alimsogelea, akapiga goti tena, safari hii hadi chini. "Baba," alisema kwa sauti ya chini, "Bibi ameniagiza nimtazame mtoto wa Faith. Kwanza niambie, sasa hivi amelala wapi?"

Mzee aligeuka kuelekea kwake. "Jikoni. Faith alimtoa tangu alfajiri. Alisema harufu inamkereketa."

"Ambilikile!" Dominika aliita. "Nenda!"

Fundi alikwisha kuruka kutoka garini. Alikimbia kuvuka ua hadi jikoni kwa mzee, na watu wakamfuata. Walimkuta Faith kando ya mafiga, mtoto amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi kama alivyoelekezwa na Bibi. Ambilikile aliinamisha sikio karibu na kile kifua kidogo, akasikiliza sana. Kisha akakaa chini kwenye vumbi.

"Anapumua vizuri," alisema. "Asante Mungu. Anapumua vizuri kabisa. Mpelekeni hata hivyo daktari amwone, lakini yuko vizuri."

Chumba cha Faith cha uani kilikuwa wazi. Ukuta wa upande wa upepo ulikuwa umepakwa kitu cha kahawia kwa tambara, kikachuruzika na kuganda vipande vipande. Pembeni kulikuwa na dumu lililofungwa vizuri.

Mzee Eustace alitoa mikono mifukoni. Viganja vyote vilikuwa na mabaka ya kahawia.

"Nimesugua kwa mchanga," alisema. "Nimesugua kwa majivu. Haitoki."

"Tueleze, baba," alisema Dominika.

"Nilishika kile kikombe cha fundi siku ile, nikasikia joto. Joto bila moto! Nikasema, Bibi alituambia mtoto afanyiwe joto kwa njia yoyote, na dawa yenyewe hii hapa. Niliona kwamba ile nyekundu ndiyo nzito, nikadhani ndiyo dawa, ile nyingine ni ya kuoshea. Ilikuwa jioni, nimekwenda kufungia kuku. Nilitaka kuchukua kidogo. Nilipoanza kumimina nikamwona mtoto machoni, nikamimina yote. Nikaacha ulezi wangu wa mbegu. Nilikuwa nao mfukoni, nilitoka kuuchagua. Nilijiambia, nitamweleza Bibi, nitalipa kwa mavuno."

"Na asubuhi, watu walipookota mawe?"

Hapo mzee aliinamisha kichwa. Hili ndilo lililokuwa kosa lake hasa, na alilijua. "Nilifungua mdomo mara nyingi. Kila mara nilimwona binti yangu, nikaona watu wanasema, Bibi aliugua kwa ajili ya mjukuu wa Eustace, naye Eustace akamwibia Bibi joto lake. Nikanyamaza. Nikamwacha mtoto wa mwenzangu achukuliwe." Alimgeukia Ambilikile, akapiga makofi na ile mikono yenye mabaka, akapiga goti, mzee wa umri ule. "Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa kwenye lile gari."

Yule aliyeokota jiwe asubuhi alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Ambilikile alimwinua mzee kwa viwiko. "Baba, nimekaa kituoni nikiogopa kwamba kuna mtu anakufa. Hakuna aliyekufa. Mengine tutayaongea." Kisha, kwa kuwa fundi ni fundi, akalichukua dumu, akalitikisa karibu na sikio. "Lilikuwa kavu ulipomimina?"

"Kavu. Nililikausha juani kwanza."

"Basi umetuokoa bila kujua. Ingeingia hata chembe ya maji, ingeganda yote." Alipima kwa macho. "Haitoshi nyumba nzima. Inatosha chumba kimoja."

* * *

Kazi ilianza jioni ileile na kuisha kabla ya giza. Leonsi, aliyekuwa hataki kusikia habari za madudu ya ukutani, ndiye aliyeshika ngazi, na alipoweka kiganja ukutani na kusikia joto likipanda nyuma ya tofali aliongeza na cha pili. Vitus alikoroga saruji ya kuzibia matundu, akachafua viatu vyake vyeupe. Madirisha yaliachwa wazi, nyumba ikalindwa kwa zamu, na Jumamosi Ambilikile akanusa kila kona kabla ya kuruhusu kitanda kiingizwe.

Bibi Kalista aliletwa mchana. Aliingia chumbani, akasimama katikati, akasubiri upepo umguse shingoni kama alivyozoea. Haukumgusa. Akaweka mkono ukutani, akautoa, akauweka tena. Machozi yakamtoka.

"Wanangu," alisema. "Wanangu jamani."

Dominika alimweleza yote, kwa sababu Bibi ndiye mwenye mali na kesi ilikuwa yake kuamua. Mzee Eustace alisimama mlangoni, hathubutu kuvuka kizingiti. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Eustace, wewe ni mjinga," alisema. "Nilikuambia umfanyie mtoto joto. Kwa nini hukunijia hospitali ukaniuliza? Ningekuambia jambo dogo tu." Akamtazama Faith aliyekuwa nje. "Njoo na kitanda chako, mwanangu. Hiki chumba kinatutosha watatu. Mtoto nilimpokea mimi, nikamwache kwenye bati?"

"Na kesi, bibi?" aliuliza Dominika.

"Kesi gani? Aliniachia ulezi."

Ambilikile aliondoka Jumapili baada ya misa. Asubuhi alikuta kapu mlangoni mwa nyumba ya wageni, limejaa ulezi mwekundu uliopepetwa ukapepeteka, na hakuhitaji kuuliza limetoka kwa nani. Alimimina ulezi kwenye mfuko wake, akamwomba Dominika, aliyekuja kumpeleka stendi, amrudishie mwenyewe kapu lake.

Dominika alilipokea. Lilikuwa jepesi, lakini halikuwa tupu. Ndani yake, imekunjwa vizuri, ilikuwa kofia ya sufu ya kijani.

"Mama yako si ndiye aliyekufumia?" alisema. "Na baridi hii?"

"Ni kubwa kwa mtoto," alisema Ambilikile, akishika kichwa chake kitupu na kucheka, "lakini atakua, itamtosha. Waambie ndaga fijo, ndiyo asante sana ya kwetu."